Sura ya Tano: Ndugu Walipozuiwa Mlangoni

Hospitali za Afrika Mashariki haziendeshwi na madaktari na wauguzi peke yao. Kuna mtu mwingine ambaye hayumo kwenye orodha yoyote ya mishahara, naye ni ndugu wa mgonjwa. Ndiye anayefika alfajiri na chupa ya uji, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayekimbilia duka la dawa nje ya geti cheti kikiwa mkononi, anayefua shuka na kulala kwenye mkeka akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Muuguzi mmoja anaweza kuhudumia wodi nzima kwa sababu karibu kila kitanda kina mtu wake. Mgonjwa asiye na mtu hujulikana upesi, na jina lake hupelekwa kwenye chumba chenye kibao kilichoandikwa Ustawi wa Jamii.

Machi 2020 ndugu hao waliambiwa warudi nyumbani. Tarehe 11 mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilisema Uviko-19 umekuwa janga la dunia. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13, Tanzania tarehe 16. Wodi za kutenga wagonjwa zilipofunguliwa, mlangoni alipita mgonjwa tu. Tajiri na maskini, mwenye watoto wanane na mgeni wa mji, wote walilala bila mtu. Afisa ustawi wa jamii, aliyezoea kuhangaikia wagonjwa wachache wasio na ndugu, alijikuta wodi nzima imekuwa faili lake.

Maafisa hawa walipata wapi nguvu ya kurudi kazini kesho yake? Wengi huwaza kwamba walishikilia habari za waliopona. Habari hizo zilisaidia, lakini kulikuwa na siku na wodi ambazo hazikuwa nazo. Ninavyoona mimi, wale waliosimama imara walishikilia swali tofauti. Daktari huuliza kama mgonjwa atapona. Afisa ustawi huuliza: huyu ni wa nani, na ni jambo gani lake halijakamilika? Wakati wa janga swali la kwanza lilikuwa na majibu mengi ya kuumiza. Swali la pili lilitoa kazi ya kufanya karibu kila siku, hata kwa mtu ambaye asingeifikia jioni.

Kazi iliyoanzia kwenye bili

Taaluma hii haikuzaliwa na huruma tupu. Mwaka 1895 Royal Free Hospital ya London ilimwajiri Mary Stewart, na kazi kubwa aliyopewa ilikuwa kuchuja: nani anastahili kutibiwa bure, na nani ana uwezo wa kulipa ila anakwepa. Ili kulijua hilo, alilazimika kuuliza mambo ambayo daktari hakuwa na nafasi ya kuyauliza: unaishi wapi, unakula nini, nani anabaki na watoto. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital, Boston, alichoka kuwaandikia wagonjwa mapumziko na chakula bora huku akijua wanarudi kwenye chumba kimoja kisicho na hewa wala chakula. Akamweka kazini Garnet Pelton, muuguzi, na baada yake Ida Cannon, aliyeijenga idara hiyo kwa miongo kadhaa. Kwa miaka mingi hospitali yenyewe haikuwalipa mishahara.

Historia hiyo inafanana na ya kwetu kuliko tunavyodhani. Kenya ilianza kutoza wagonjwa ada kwenye hospitali za serikali mwaka 1989, na Tanzania ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama mwaka 1993. Palipokuwa na ada palihitajika msamaha, na palipohitajika msamaha palihitajika mtu wa kuamua nani asamehewe. Kwa hiyo wananchi wengi wanamjua afisa ustawi wa jamii kama mtu wa msamaha: unakaa mbele ya meza yake, unaeleza shida zako, anajaza fomu. Tanzania ina Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wanaohitimu hapo wanafundishwa mengi zaidi ya fomu: ushauri nasaha, kazi na familia, ulinzi wa mtoto, namna ya kuunganisha mtu na jamii yake. Lakini foleni ya msamaha humeza siku nzima. Janga lilipofika, ndipo hospitali nyingi zilipogundua zina mtaalamu wa mambo ambayo mashine haziyawezi.

Simu ndani ya mfuko wa plastiki

Kitu cha kwanza kilichohitajika kilikuwa simu. Kuanzia Italia na New York hadi kwetu, hospitali zilifikia ufumbuzi uleule: simu au tableti inafungwa kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, inaingizwa wodini, muuguzi aliyevaa mavazi ya kujikinga anaishika mbele ya uso wa mgonjwa, na upande wa pili familia inatazama. Ukiambiwa hivyo inaonekana kazi nyepesi. Ugumu wake uko kwenye dakika zinazotangulia, na hizo ndizo zilizokuwa za afisa ustawi.

Familia haikupigiwa ikakutana ghafla na picha. Afisa alipiga kwanza peke yake, mara nyingi kwa sauti tu, na mazungumzo yalikwenda takriban hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, napiga kutoka hospitali."

"Marahaba mwanangu. Niambie tu ukweli, mgonjwa wangu yupo?"

"Yupo mama. Anasaidiwa kupumua na mashine. Nataka umwone leo, ila kwanza nikueleze utakachokiona."

Kisha anaeleza. Ana bomba puani au mdomoni. Uso umevimba kidogo. Oksijeni inavuma, kwa hiyo huenda usimsikie. Huenda asikujibu, lakini zungumza naye, mtaje kwa jina mnalomwitia nyumbani. Uko na nani hapo? Kama kuna mtoto, tukubaliane kwanza kama aone au asubiri. Ukianza kulia si kosa, tutakaa na wewe. Na ukimaliza usikate, baki kwenye laini, nitazungumza na wewe tena.

Baada ya hapo ndipo simu ya pili inapigwa, ya picha. Mke anasema aliyotaka kusema. Mtoto anaomba radhi. Mzee anasoma dua, au familia inaimba ubeti wa wimbo wa kanisani kwa sauti zinazopishana kwa sababu mtandao unachelewa. Mgonjwa mwenye nguvu kidogo hutaja mambo ya dunia: deni la fundi, karatasi za kiwanja ziko kwa shemeji, ng'ombe yule asiuzwe. Afisa anaandika. Halafu anarudi kwa familia, anahakikisha kwamba kila mtu amesikia jambo moja, maana ugomvi wa mirathi mara nyingi huanzia pale kila mmoja anapodai kauli ya mwisho alipewa yeye.

Simu ikikatwa, hali ya mgonjwa ni ileile iliyokuwa nusu saa nyuma. Kitabibu hakuna kilichobadilika. Hata hivyo kuna jambo lililokuwa wazi ambalo sasa limefungwa, na aliyelifunga anaweza kulitaja akiulizwa leo umefanya nini. Mwanasaikolojia wa Marekani Charles Snyder, aliyetafiti tumaini kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kansas, alilieleza kwa sehemu tatu: lengo, njia za kulifikia, na imani ya mtu kwamba anaweza kuzipita njia hizo. Ukilitazama tumaini hivyo, unaelewa kwa nini lilikufa haraka kwa watu waliokuwa na lengo moja tu, kwamba kila mgonjwa apone. Njia za kufikia lengo hilo hazikuwa mikononi mwao. Lengo la kwamba mke wake aisikie sauti yake kabla ya usiku lilikuwa na njia: tafuta namba, chaji simu, mwombe muuguzi dakika kumi, mwombe mjumbe wa mtaa apeleke ujumbe nyumba isiyo na simu. Afisa aliyejiwekea malengo ya namna hiyo hakuwa anajidanganya kuhusu ukubwa wa janga. Alikuwa amechagua uwanja ambao juhudi yake inahesabika.

Miaka ya kabla ya dawa

Ujuzi huu haukuanza na korona. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaulipia kwa gharama kubwa wakati wa UKIMWI.

Mwaka 1987, nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO. Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba kwa mazoezi katika Hospitali ya Mulago, na mume wake Christopher alikuwa amefariki kwa UKIMWI mwanzoni mwa mwaka huohuo. Baadhi ya waanzilishi wenzake walikuwa wenyewe na virusi, na hawakuishi miaka mingi. Mwaka 1989, Dar es Salaam, mwanataaluma wa ustawi wa jamii Theresa Kaijage alianzisha WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na UKIMWI Tanzania. Dawa mseto za kupunguza makali zilianza kubadilisha maisha ya wagonjwa wa nchi tajiri mwaka 1996, na zilianza kutolewa bure kwa mpango wa serikali Tanzania mwaka 2004. Hesabu mwenyewe. Washauri wa TASO na WAMATA walifanya kazi zaidi ya miaka kumi bila kuwa na kitu cha kumpa mgonjwa ambacho kingemwokoa.

Waliwapa nini? Walianza na kuwagusa. Enzi hizo mgonjwa alitengewa sahani na kikombe, ndugu wakamwongelesha wakiwa mlangoni. Mshauri aliyekaa kitandani, akashika mkono na kunywa chai ya nyumba ile aliwafundisha majirani kuliko semina yoyote. Baadaye, miaka ya 1990 ikielekea mwisho, wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi, wakiwa ndani ya chama chao cha NACWOLA, walieneza utaratibu wa kitabu cha kumbukumbu. Mama anakaa na mtoto wake na daftari. Anaandika jina la ukoo na aliyempa mtoto jina, babu na bibi wa pande zote mbili, kitovu chako kilizikwa wapi, ulianza kutembea lini, uliugua nini ukiwa mdogo, baba yako alikuwa mtu wa namna gani, unapenda chakula gani, nani atakulea.

Hilo swali la mwisho ndilo lililofanya daftari kuwa chombo cha kazi. Mama hawezi kuandika jina la mlezi bila kwenda kumwomba huyo mlezi. Hawezi kumwomba bila kusema anaumwa. Hawezi kuandika na mtoto bila kumweleza mtoto. Daftari la shule lililonunuliwa dukani likavunja ukimya wa nyumba nzima, na mtoto ambaye angegombaniwa au kukataliwa baada ya mazishi akawa na mtu aliyekubaliana na mama yake akiwa hai. Afisa aliyesimamia daftari moja kama hilo mpaka ukurasa wa mwisho alijua amefanya kazi ambayo kifo hakikuweza kuitangua.

Msingi wa fikra hiyo una historia ndefu katika taaluma yenyewe. Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, akaumwa mgongo, akasomea ustawi wa jamii wa hospitali. Mwaka 1948, akiwa kwenye kazi hiyo, alimhudumia David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani akiwa na miaka 40 hivi, mbali na ndugu zake. Walizungumza juu ya mahali ambapo mtu wa hali yake angeweza kufia kwa amani na heshima. Tasma alimwachia pauni 500 ziwe mwanzo wa nyumba hiyo. Saunders akaenda kusomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice, London, ambayo ndiyo mama wa huduma za kisasa za tiba shufaa. Mbegu hiyo ilifika Nairobi mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Pauni 500 zilitoka kwa mgonjwa asiye na mtu, na aliyezipokea alikuwa afisa wa kazi ileile tunayoizungumzia.

Walezi wa Beni

Tarehe 1 Agosti 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kanisani. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, na ulitokea katikati ya vita. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili 19 mwaka huohuo daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo. Wananchi waliokuwa wameona mauaji ya miaka mingi bila msaada walishangaa kuona magari mapya yamejaa ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Hawakuwaamini wageni, na walikuwa na sababu zao.

Ndani ya hali hiyo walikuwepo wafanyakazi wa msaada wa kisaikolojia na kijamii, wengi wao wenyeji wanaozungumza Kinande na Kiswahili. Mojawapo ya matatizo magumu waliyokutana nayo lilikuwa la watoto. Mama akiingizwa kituoni, mtoto wake wa kunyonya anaenda wapi? Amemgusa mgonjwa, kwa hiyo anapaswa kuangaliwa kwa siku 21. Jirani anaogopa kumpokea. Bibi yuko mbali au naye anaumwa. Mhudumu wa kawaida angemshika akiwa amevaa mavazi yanayomfunika mwili mzima, na mtoto wa miezi sita hawezi kubembelezwa na mtu asiye na uso.

Jibu lilitoka kwa waliopona. Mtu aliyeshinda Ebola ana kinga dhidi ya virusi hivyo, kwa hiyo anaweza kumpakata mtoto kwa namna ambayo wengine hawawezi. Katika mji wa Beni, Kivu Kaskazini, ilianzishwa nyumba ya kulelea watoto karibu na kituo cha matibabu kwa msaada wa UNICEF, na wanawake waliopona wakaajiriwa kama walezi. Waliwalisha, waliwaogesha, waliwaimbia mpaka wakalala. Baadhi yao walikuwa wamefiwa na watoto wao wenyewe katika mlipuko uleule. Nyumbani majirani walikuwa bado wanawakwepa, wateja hawanunui kwenye meza zao. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa mahali pekee mjini walipohitajika kwa sababu ya jambo lilelile lililowafanya wakataliwe kwingine.

Watu wa ustawi wa jamii waliowatafuta na kuwasindikiza walezi hao nao walibadilika. Watafiti Pilar Hernández, David Gangsei na David Engstrom waliliandika jambo la namna hii mwaka 2007, baada ya kuzungumza na washauri nchini Kolombia waliokuwa wakiwahudumia waathirika wa ukatili wa kisiasa. Ilikuwa imezoeleka kusema kwamba anayesikiliza mateso ya wengine huambukizwa uchungu wao. Wao waliona kwamba ustahimilivu nao huambukizwa: anayemsindikiza mtu anayejiinua hujifunza kwake namna ya kujiinua. Haya mawili huenda pamoja ndani ya mtu mmoja, wakati mwingine ndani ya siku moja. Afisa anayejua hilo haoni aibu kwamba amechoka, wala hashangai kwamba bado anataka kurudi kesho.

Milipuko ya Ebola, huu wa Kongo na ule wa Afrika Magharibi ulioutangulia, ilitoa pia ufumbuzi mdogo mdogo wa tatizo la mhudumu asiye na uso. Sierra Leone na Liberia wahudumu waliandika majina yao kwa kalamu nene kwenye aproni. Mwaka 2015, Monrovia, msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan alipiga wahudumu picha wakitabasamu na kuzibandika kifuani juu ya mavazi yao, ili mgonjwa aone anayemhudumia ni nani, na korona ilipokuja hospitali za Marekani zikaufufua utaratibu huo. Huko Kongo, shirika la misaada ya tiba la ALIMA lilileta chumba chenye kuta za plastiki angavu, mgonjwa akawa anaonwa na familia yake akiwa kitandani, wakazungumza ana kwa ana bila kugusana. Familia iliyomwona mgonjwa wake akila haikuamini tena uvumi kwamba kituoni watu wanauawa.

Mazishi ni sehemu ya matibabu

Mwezi Aprili 2020, huko Siaya, magharibi mwa Kenya, mtu aliyedhaniwa kufa kwa korona alizikwa usiku, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Picha zilienea nchi nzima. Kwa Wajaluo, ambao mazishi kwao ni shughuli ya ukoo mzima, na kwa Wakenya wengine pia, ilikuwa aibu iliyoingia mifupani. Kuanzia hapo hofu ya watu wengi haikuwa kufa tu, ilikuwa kuzikwa vile. Mtu mwenye hofu hiyo haendi kupimwa.

Na somo lilikuwa limeshapatikana. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, uliowaua watu zaidi ya 11,000, timu za mazishi zilipigwa mawe na familia zikaficha maiti. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na mashirika ya Kiislamu na ya Kikristo. Uliruhusu maiti ya Mwislamu kutayamamiwa badala ya kuoshwa, na kuvishwa sanda. Uliagiza familia ishirikishwe, sala isaliwe, na kaburi liwe na jina. Vikifanywa na timu iliyovaa mavazi ya kujikinga, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosambaza kirusi.

Kuzungumza na familia juu ya mambo hayo ni kazi ya ustawi wa jamii. Serikali ya Kenya ilipoweka kikomo cha waombolezaji 15, mtu alipaswa kukaa na ukoo wa watu 200 na kuuliza: ninyi mkichagua 15, mtamchagua nani? Nani atasoma wasifu? Nani atawapigia simu walio Mombasa wasioweza kusafiri? Kundi linaloachiwa swali hilo lijibu lenyewe hukasirika, lakini linabaki na mamlaka juu ya msiba wake. Kundi linaloamriwa hubaki na kinyongo cha miaka. Afisa aliyefanikisha mazishi ya watu 15 yasiyo na fujo, yenye sala na jina, alikuwa amezuia madhara ambayo hayataonekana kwenye takwimu yoyote.

Maana hailipi kodi ya nyumba

Hapa pana mtego, na vitabu vingi juu ya matumaini huuruka. Ukisema kwamba wahudumu walipata maana katika kazi yao, kuna bosi atakayesikia kwamba hawahitaji kitu kingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2020 Waingereza walitoka milangoni kila Alhamisi saa mbili usiku kuwapigia makofi wahudumu wa afya, na kwingineko wakaitwa mashujaa na askari wa mstari wa mbele. Wakati huohuo walikuwa wanakufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki kwa Uviko-19 duniani kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Kenya ilitikiswa Desemba 2020 na kifo cha daktari Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona, baada ya kufahamika kwamba alikuwa na miezi kadhaa bila mshahara. Mwezi huohuo wauguzi na maafisa tabibu waligoma.

Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton alieleza uchungu wa aina ya pekee unaowapata wauguzi: kujua jambo lililo sahihi kufanywa na kuzuiwa na taasisi kulifanya. Afisa ustawi anaujua vizuri. Anajua mgonjwa huyu hawezi kulipa, na mfuko wa msamaha umekwisha. Anajua mama huyu anapaswa kumwona mwanawe, na barakoa za wageni hazipo. Uchungu huo hauponi kwa kuhudhuria semina ya kujitunza. Unapungua mfuko wa msamaha ukiongezwa na barakoa zikinunuliwa.

Yako mambo machache ambayo wahudumu waliyafanya wenyewe na yakawasaidia, na hayana gharama. Wengine walikutana dakika kumi na tano kabla ya kutoka zamu, kila mmoja akataja jina la mgonjwa mmoja na jambo moja lililokamilika. Wengine walipangiana zamu ili aliyepiga simu ya msiba leo asipige kesho. Wengine walisali pamoja, wengine walikwenda kuzika wenzao na kuruhusiwa kulia mbele ya wakubwa wao. Yote haya yana sharti moja: hakuna aliyeachwa peke yake na kilichompata. Afisa mmoja katika hospitali yenye mamia ya vitanda, asiye na mwenzake wa taaluma wa kumsimulia, hatadumu hata akiwa na imani ya kuhamisha milima.

Kabla ya mlipuko ujao

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya Uviko-19 imekwisha. Hospitali zetu nyingi zilibaki na mitambo ya oksijeni ambayo hazikuwa nayo kabla, na hilo ni jema. Lakini kwa upande wa ustawi wa jamii tumerudi palepale: foleni ya msamaha, fomu, afisa mmoja na meza moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe ni mganga mfawidhi, katibu wa afya, diwani au mjumbe wa bodi ya hospitali, chukua mpango wa dharura wa hospitali yako uusome leo. Tafuta mahali palipoandikwa nani atapiga simu nyumbani, nani atampokea mtoto wa mgonjwa, nani atakaa na familia kabla ya mazishi, nani atawasikiliza wahudumu wenyewe zamu ikiisha, na kila mmoja wao atalipwa kutoka kasma gani. Usipopaona, mpango huo haujakamilika, hata kama mitungi yote ya oksijeni imejaa. Ukamilishe sasa, wakati ambapo hakuna anayekufa kwa kuusubiri.